Mlima Mmoja, Serikali Mbili: Kuzunguka Elgon kutoka Kitale hadi Bungoma

Ukiutazama kutoka Kitale, Mlima Elgon hauna ncha ya kulishika jicho. Umetandaa upande mzima wa magharibi, mabega mapana yakishuka polepole hadi kwenye mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Koitobos, chenye mita 4,222, kiko Kenya. Katikati ya vilele kuna kasoko ya volkano iliyozimika zamani sana, yenye upana wa kilomita nane hivi. Mpaka wa nchi mbili umepita huko huko juu, na maji hayaujui.

Nilikuja kwa sababu ya maneno ambayo nimeyasoma miaka mingi katika taarifa za mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: usimamizi wa pamoja wa misitu inayovuka mipaka. Nilitaka kuyaona yakiwa kazini, katika msitu wenyewe na miongoni mwa watu wanaoamka wakiutazama kila siku. Nikapanga kuuzunguka mlima upande wa Kenya, nianzie Kitale, nipande Endebess na Suam, kisha nishuke Kapsokwony na Lwakhakha, nimalizie Bungoma mjini.

Kitale ni mji wa mahindi. Reli ilifika hapa mwaka 1926 kuyachukua mazao ya walowezi, na mbegu chotara zilizobadilisha ukulima wa mahindi Kenya zilitafitiwa hapa hapa. Mimi nilianzia kwenye mbao. Katika yadi moja karibu na barabara kuu nilimkuta mwenye duka akipanga saiprasi za mbili kwa sita. Nilipomsalimu na kumweleza ninachotafuta, alinipeleka nyuma ya mabati. Huko palikuwa na mbao nzito, nyekundu, pana kuliko kitu chochote kinachotoka kwenye mashamba ya miti ya serikali.

“Hizi ni za Congo, mzee,” akaniambia. “Zimepita Uganda, zikaingilia Malaba. Za huku kwetu ni hizo nyeupe za mbele, na zikikosekana, wateja wote wanakimbilia hizi.”

Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya sukari, lakini humo ndimo lilimo suala lote. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Marufuku hiyo ikaongezwa tena na tena hadi Julai 2023, rais alipotangaza kuiondoa, na suala likaishia mahakamani. Miaka yote hiyo watu hawakuacha kujenga nyumba, kuchonga vitanda wala kuzika wafu. Mbao zilitafutwa Uganda, Tanzania na Congo. Makaa nayo yalifuata njia hiyo hiyo: Kenya ilipobana, magunia yalitoka kaskazini mwa Uganda, mpaka Mei 2023 Rais Museveni alipotoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara huko. Nchi moja ikifunga mlango peke yake, msumeno huhamia kwa jirani. Msitu wa Kenya ukapumzika kwa gharama ya msitu wa mwingine, halafu sote tukahesabu hilo kuwa ni uhifadhi.

Kutoka Kitale matatu hupanda hadi Endebess, halafu barabara huendelea hadi Suam, mpakani. Mto Suam huzaliwa ndani ya kasoko, huko juu upande wa Uganda, hutoka kupitia korongo lenye kina kirefu, hufanya mpaka kwa kipande kirefu, kisha hugeuka kaskazini na kuitwa Turkwel. Maji hayo hayo huzungusha mitambo ya bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106, kabla ya kuishia Ziwa Turkana. Kwa hiyo mti unaosimama ndani ya Uganda huwasha taa Kenya. Upande wa pili wa mlima, mito Malakisi na Malaba huanzia Elgon na kuelekea mipakani, na vijito vingi vya Trans Nzoia na Bungoma huingia Nzoia, ambao hupeleka maji Ziwa Victoria. Manafwa hushuka magharibi, hupita Uganda na kufika Ziwa Kyoga. Mlima mmoja unalisha maziwa matatu.

Pale Suam nilikaa kwenye benchi la mama muuza chai, karibu na magunia ya viazi yaliyovushwa asubuhi. Mzee mmoja Msabaot alikuwa akimngoja nduguye kutoka Bukwo, ng’ambo ya mto.

“Huyo ni mtoto wa baba mdogo,” alinieleza. “Sisi tunaitwa Wasabaot, wao wanaitwa Wasebei. Mpaka umetukuta tukiwa hapa, kijana wangu. Akifiwa, navuka. Nikioza binti, anavuka.”

Nikamuuliza kama wanavuka pia kwa ajili ya msitu. Akatafakari kidogo.

“Ng’ombe wanavuka. Na moto unavuka. Kiangazi moto ukiwaka kwao, tunauona usiku, na kesho yake uko kwetu. Zamani wazee wangepiga mbiu pande zote mbili, vijana wakatoka. Siku hizi kila mmoja anangoja askari wake.”

Askari wenyewe si wa aina moja, na hilo ni la kueleweka vizuri. Upande wa Uganda, takriban msitu wote wa mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, kilomita za mraba zipatazo 1,121, chini ya mamlaka moja ya wanyamapori. Upande wa Kenya kuna mbuga ya kitaifa ya mwaka 1968 yenye kilomita za mraba 169 chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), msitu wa serikali uliotangazwa tangu 1932 chini ya Huduma ya Misitu, na nyanda za Chepkitale zilizofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Kenya mkulima huruhusiwa kulima kati ya miche ya saiprasi hadi ivule, na mfugaji hulipia malisho msituni. Uganda shamba ndani ya hifadhi ni kosa, ila vijiji kadhaa vina makubaliano ya kuchuma mianzi, kuni na dawa. Yaani mchunga ng’ombe anayefuata majani huanza asubuhi akiwa na risiti na kumaliza jioni akiwa mhalifu, na majani ni yale yale.

Niliingia mbugani kupitia lango la Chorlim. Ukipita mashamba ya mwisho, msitu hufunga ghafla: podo ambazo watu watatu wakishikana mikono hawazizungushi, loliondo zenye magome ya kijivu, mitarakwa inayonuka penseli iliyochongwa. Askari wa KWS aliyetuongoza alitupandisha hadi pango la Kitum. Linaingia ndani ya mlima karibu mita 200, na mbele ya mdomo wake huanguka utepe mwembamba wa maji. Alitusimamisha kwenye ukuta wa kulia, akaelekeza tochi kwa mshazari.

Ukuta mzima umechorwa mifereji. Mingine mirefu, mingine mifupi, imepishana, yenye kina cha kidole, na chini yake vipande vya mwamba. Ni alama za pembe za ndovu. Kwa vizazi visivyohesabika wameingia humu usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mkonga, wakakwangua mwamba wenye chumvi na kuutafuna. Niliweka kidole kwenye mfereji mmoja na kuufuata mpaka ulipokomea.

“Miaka ya sabini na themanini waliwindwa sana, pande zote,” alisema yule askari. “Waliobaki wana akili. Wakisikia bunduki huku wanapanda, wakisikia kule wanashuka. Wao ndio wanaofanya doria ya mpaka.”

Ndovu aliyechimba chumvi Kitum huhitaji mianzi ya juu na vichaka vya ng’ambo. Hakuna nchi yenye mlima wa kumtosha peke yake. Kwa hiyo si jambo la hisani nchi mbili kushirikiana hapa. Kila moja ina nusu ya kitu ambacho nusu yake haina maana.

Na wala si kwamba halijajaribiwa. Mkataba wa kuianzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha Novemba 1999, una sura nzima ya mazingira na maliasili. UNESCO iliutambua mlima kuwa hifadhi hai upande wa Kenya mwaka 2003, na upande wa Uganda mwaka 2005. Mwaka huo wa 2005 ukaanza mpango wa kanda wa kuhifadhi mfumo wa ikolojia wa Elgon, uliojulikana kwa kifupi chake cha MERECP, kwa fedha za Norway na Sweden. Baadaye ulisimamiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu. Maofisa wa nchi mbili walikaa meza moja. Vikundi vya wanavijiji vilipewa mtaji wa kukopeshana, navyo vikaahidi kupanda miti na kuulinda msitu. Ulikuwa ni mwanzo wa kweli. Kasoro yake ni ile ya miradi mingi yetu: ulikuwa na tarehe ya mwisho, na mlima hauna.

Nilirudi Kitale, nikashuka barabara ya Kiminini hadi Kamukuywa, nikakata kwenda Kimilili, halafu bodaboda ikanipandisha Kapsokwony, makao ya eneo la Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma. Hapa ardhi ni kidonda. Mpango wa makazi wa Chebyuk, ulioanza mwaka 1971 kwa kuwashusha watu kutoka nyanda za juu, uliishia katika mgogoro wa nani apewe nini. Kati ya 2006 na 2008 mgogoro huo ukawa vita vya silaha, na operesheni ya kijeshi iliyofuata iliacha wajane na mayatima wengi. Mtu asizungumzie msitu wa Elgon bila kukumbuka kwamba watu wamekufa kwa ajili ya ardhi inayopakana nao.

Juu ya Kapsokwony, kupita ukanda wa mianzi, ndiko Chepkitale, nyumbani kwa Waogiek wa Elgon. Waliondolewa na kurudi, wakaondolewa tena na kurudi tena. Ardhi yao ilipogeuzwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, wakawa wavamizi kwenye makaburi ya babu zao. Wakaenda mahakamani. Tarehe 26 Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii hiyo. Kabla ya hukumu walikuwa wameshaandika sheria zao wenyewe: hakuna kuchoma makaa, hakuna kukata miti ya asili, hakuna kulima kwa biashara. Wanafuga, wanarina asali, wanalinda.

Ng’ambo ya mpaka, kwenye nyanda hizo hizo, ndugu zao Wabenet walipita njia ile ile. Walishushwa mwaka 1983, wakagawiwa ardhi kwa vurugu, kisha mstari wa hifadhi ukachorwa upya juu yao. Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliyoketi Mbale iliwatambua kuwa wakazi wa asili wa eneo hilo. Maombi mawili, mahakama mbili, nchi mbili, miaka 17 katikati, na jibu ni moja. Kama serikali hizi zingekuwa kweli zinausimamia mlima pamoja, hukumu ya Mbale ingesomwa Bungoma siku ile ile ilipotolewa, na Waogiek wasingeingojea haki yao muda wote huo.

Hili si suala la huruma tu. Mwaka 1994 Uganda, kwa fedha za shirika la FACE la Uholanzi, ilianza kupanda miti kwenye ukingo wa hifadhi ili ifyonze hewa ya kaboni. Sehemu kubwa ya ukingo ule ilikuwa ikigombaniwa, na penye ugomvi wanavijiji walikata miche na kupanda mahindi. Fedha zilikuwapo, miche ilikuwapo, utaalamu ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa jirani mwenye sababu ya kutaka mti ule uishi.

Sababu hiyo niliiona mikononi mwa mama mmoja nje kidogo ya Kapsokwony, mwanachama wa chama cha kijamii cha msitu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kitalu, kokwa za loliondo zimejaa kwenye sahani ya bati. Aliweka kokwa moja juu ya jiwe, akaigonga kwa nyundo ndogo mara moja, si kwa nguvu, ganda likapasuka bila kuumiza kiini.

“Ukigonga sana umeua, usipogonga itakaa ardhini mpaka uisahau,” akasema. “Jaribu, mwanangu.”

Nilijaribu kwa uangalifu, akaikagua, akaitia kwenye mchanga pamoja na zake. Nikamuuliza loliondo itakatwa lini. Akacheka kwa sauti ya upole, akasema hata mjukuu wake hataikata, wa kuikata ni mjukuu wa mjukuu, akipenda. Saiprasi na grevilea ndizo za ada ya shule. Loliondo ni za chemchemi. Nilipomuuliza kama vikundi vya Bulambuli au Bududa, upande wa Uganda, huja kuwatembelea, alinyamaza kidogo, kisha akasema wakati wa mradi walikutana, wakabadilishana mbegu, na kwamba wenzao kule wana ujuzi mkubwa wa mianzi. Nauli ilipokwisha, na mikutano ikaisha.

Nilishuka Chwele hadi Lwakhakha, ambapo mto wa jina hilo ndio mpaka. Karibu na hapo ni Chepkube, ambako mwaka 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani na Uganda ya Idi Amin ilipowalipa wakulima senti, kahawa ya Bugisu ilivushwa kwa magendo usiku hadi soko la kijijini likawa la mamilioni. Mpaka huu haujawahi kuzuia kitu kilicho na bei.

Juu ya daraja milima ya Bududa inaonekana wazi, mashamba yamepanda mpaka kileleni. Tarehe 1 Machi 2010 upande mmoja wa mlima uliporomoka ukafunika Nametsi, na watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Maporomoko yakarudi Bududa Oktoba 2018, na Novemba 2024 yakaua watu Bulambuli. Mvua kubwa, miteremko mikali na udongo wa volkano ni sehemu ya sababu. Lakini mteremko ulioachiwa mizizi ya miti hushika pale ambapo mteremko wa mahindi huteleza, na wakulima wa huku Kenya wanaolima miteremko ya aina ile wanalijua hilo bila kuambiwa na mtaalamu.

Pale Lwakhakha nilikula malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Aliyenipikia ni Mbukusu aliyeolewa ng’ambo. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaaba wa Mbale ni watu wa shina moja, na jandoni hilo huonekana wazi: pande zote mbili hutahiri vijana mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka ukifika, njuga husikika kuanzia Mbale hadi Webuye. Hakuna waziri aliyetia saini kalenda hiyo, na bado inafuatwa. Imedumu kwa kuwa kila boma lina mtoto ndani yake. Ushirikiano wa msitu utadumu siku kila boma litakapokuwa na mti wake ndani yake.

Nilifika Bungoma mjini nikiwa na swali la biashara, kwa maana mti usipoingia kwenye hesabu ya biashara hautetewi. Kaunti hii inakijua vizuri kisa cha Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilikula magogo ya misitu ya kanda nzima kwa miongo mitatu na ushee, kikafungwa mwaka 2009, na mji ukabaki na mabomba. Barabara inayopita Bungoma kwenda Malaba hupitisha mbao za Congo usiku na mchana. Mwaka 2015, katika Kongamano la Misitu Duniani lililofanyika Durban, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagascar zilitia saini Azimio la Zanzibar la kupambana na biashara haramu ya mbao. Ni hati nzuri. Inataka nchi zipeane habari na kila moja itambue vibali vya mwenzake. Afisa wa forodha anayesimama Malaba anahitaji tu namba moja ya simu ya kupiga ili kuuliza kama kibali alichoshika kimetolewa kweli.

Wengine wanaonyesha kwamba inawezekana. Uganda, Rwanda na Congo, nchi ambazo zimepigana, ziliunda chombo cha pamoja cha Virunga chenye sekretarieti Kigali, na walinzi wao wa sokwe wamefanya doria kwa kuratibiana. Nchi za Bonde la Congo zina tume yao ya misitu. Kenya na Uganda hazina vita. Zina lugha moja ya sokoni, jumuiya moja, na wajomba wale wale.

Ninachoomba ni mambo machache, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kamisheni ya Kisumu iwe na mfuko wa kudumu wa Elgon unaochangiwa na nchi mbili kutoka bajeti zao, usiosubiri mfadhili. Marufuku ya kukata miti au kuchoma makaa ijadiliwe na jirani kabla ya kutangazwa. Vibali vya mbao viwe katika daftari moja linalosomeka Malaba na Suam. Hukumu za Mbale na Bungoma zitekelezwe kwa hatimiliki, na Waogiek na Wabenet waketi kwenye meza hiyo kama wenye nyumba. Na nauli ya yule mama wa Kapsokwony kwenda kuonana na wapanda mianzi wa Bududa iandikwe kwenye bajeti kila mwaka, kabla ya posho za mkutano wowote wa Arusha, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwapo msituni mkutano ukiisha.